Nilivyoifuatilia rangi ya hina kutoka jani hadi kikombe

Mihina imejaa katika nyua za Lamu, na kila apakaye hina hapa anajua kwamba jani bichi likisuguliwa kiganjani haliachi ule wekundu wa maharusi. Rangi huja baada ya jani kusagwa, kurowekwa na kusubiriwa. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka mingi niliwaandikia wanafunzi ubaoni jina la rangi hiyo, yaani losoni, pamoja na fomula yake, C10H6O3, bila kugusia inakotoka. Nilipoanza masomo ya uzamili niliamua swali langu liwe hilo hilo: mmea huitengenezaje rangi hii, na mtu aliye kisiwani, mbali na mashine kubwa, anaweza kuona hatua ngapi kwa macho yake mwenyewe?

Ilinibidi kwanza nitenganishe maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kujua kilichomo ndani ya jani ni kazi ya kupima. Kujua kilivyofika humo ni kazi ya kufuatilia, nayo ni ngumu zaidi, kwa sababu kemikali za katikati ya safari huwa kidogo, hazikai, na tendo lenyewe la kuchuma huzibadilisha. Jani likichumwa halifi papo hapo. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, huendelea na kazi, na likipondwa, vitu vilivyokuwa vimetengwa katika sehemu mbalimbali za seli hukutana vikaanza kutendeana. Mtafiti anayelisaga jani kwa starehe zake kisha akalipima anapata habari za yaliyotokea kinuni, si mtini.

Kwa hina jambo hili ndilo kiini cha mambo. Jani lililo hai halina losoni nyingi iliyo tayari. Lina henosidi, ambazo ni vitangulizi visivyo na rangi vilivyofungwa kwenye molekuli ya sukari. Sukari ikikatwa, kinachobaki hukutana na oksijeni ya hewani kikageuka kuwa losoni. Vitabuni maelezo haya huchukua sentensi mbili. Mimi nilitaka kuyaona.

Ushauri wa kwanza wenye manufaa niliupata kwa jirani yangu, bibi ambaye amekuwa akiwapaka maharusi tangu ujana wake. Nilipomwomba ruhusa ya kuchuma kwenye mhina wake aliniashiria vilele vya matawi. “Chukua haya ya juu, mwanangu, haya machanga. Hayo makuukuu yatakupa rangi ya maji ya chai.” Nilimwitikia, “Sawa, Bi,” lakini nikachuma ya aina zote mbili, kila aina katika mfuko wake, maana ikiwa jani changa lina rangi zaidi, basi huenda humo ndimo utengenezaji unamoendelea, na kulinganisha sehemu mbili za mmea mmoja ni mojawapo ya mbinu za zamani na za kutegemewa katika kazi hii.

Kusimamisha vimeng'enya kulihitaji joto pale pale mtini. Maabara kubwa hutumia naitrojeni ya kimiminika, inayogandisha jani kwa sekunde chache, lakini bidhaa hiyo haipatikani dukani Langoni. Nilitumia chupa ya chai. Niliijaza maji yaliyochemka, nikayamimina katika bakuli la bati chini ya mti, na ndani ya maji hayo nikasimamisha vibomba vya kioo vyenye ethanoli. Kwa kuwa ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji yale yalitosha kuipasha moto bila moto wa wazi, ambao ungekuwa hatari karibu na spiriti. Jani lilitoka tawini likaingia ethanolini moja kwa moja, likiwa zima, bila kupondwa. Baada ya muda mfupi ethanoli iligeuka kijani kwa sababu ya klorofili, na jani likabaki limepauka na kulegea.

Majani mengine ya tawi lile lile niliyaponda katika kinu kwa maji ya kawaida, nikayaacha wazi kivulini. Kila baada ya muda nilichota kijiko kimoja cha uji huo nikakitia katika ethanoli ya moto, ili kila kijiko kibaki kama kilivyokuwa dakika kilipochotwa. Hapo nilikuwa na mfululizo: jani lililozuiwa kabisa, jani lililopondwa sasa hivi, na jani lililokaa muda mrefu zaidi na zaidi.

Kikwazo kilikuwa ule ukijani, unaofunika kila kitu. Kilichonisaidia ni tabia ya losoni yenyewe. Losoni ni asidi hafifu; katika maji yenye siki huwa ya manjano iliyofifia, na katika maji yenye soda ya kupikia hugeuka rangi ya chungwa iliyoiva hadi kukaribia wekundu, na katika hali hiyo hupenda maji kuliko viyeyushi vya mafuta. Basi nilivukiza ethanoli, nikayeyusha mabaki katika ithili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji, nikatikisa pamoja na maji ya soda ndani ya chupa yenye kifuniko, kisha nikaiweka itulie. Klorofili ilibaki tabaka la juu. Losoni ilishuka tabaka la chini, na katika kibomba cha mwisho cha mfululizo tabaka hilo lilikuwa jekundu kiasi kwamba mtoto wangu aliuliza kama ni Vimto. Kibomba cha jani lililozuiwa kilikuwa na maji yaliyokaribia kuwa meupe.

Hata hivyo, kukosa rangi si ushahidi kwamba kitangulizi kipo. Kwa hiyo nilichukua dondoo la jani lililozuiwa, nikaliongezea asidi kidogo, nikalipasha moto polepole na kuliacha wazi hewani, rangi ikatokea. Asidi ilikuwa imefanya kazi ya kimeng'enya, yaani kukata sukari. Halafu nikajaribu kuizuia hewa: uji wa majani niliuandaa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nikaujaza chupani hadi ukingoni na kuufunga. Rangi yake ilikuwa hafifu sana ikilinganishwa na ya uji uliokaa katika sahani. Nadhani jaribio hili la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa halikuhitaji kifaa chochote ambacho hakimo jikoni.

Uthibitisho wa maabara ulifanyika chuoni, kwa kromatografia ya tabaka jembamba, mbinu ya kutenganisha kemikali kwa kuziacha zipande bamba kwa kasi tofauti. Asili ya mbinu hii ni kazi ya Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba lililojaa unga wa chokaa. Nilidondosha sampuli zangu kwenye bamba la silika, kando yake nikaweka losoni safi ya kununua, na doa langu likapanda kimo kile kile na hilo. Nasisitiza umuhimu wa kuwa na jani ulilolichuma mwenyewe: baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina umechanganywa na rangi za viwandani, kama zile za piko, nao utakupa madoa yasiyohusiana na mmea.

Mpaka hapo nilikuwa nimeona hatua za mwisho tu. Mmea hupata wapi kaboni 10 za losoni? Swali hilo halijibiwi kwa chupa ya chai. Mwaka 1940 Martin Kamen na Sam Ruben waligundua kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, huko California, na baada ya hapo ikawezekana kuulisha mmea kemikali yenye alama ya mionzi na kuona alama hiyo inaishia wapi. Ndivyo Melvin Calvin na wenzake walivyochora njia ya kaboni katika usanisinuru, kazi iliyompatia Calvin tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kuhusu losoni, mwaka 1967 Meinhart Zenk na Eckhard Leistner walichapisha matokeo ya kuulisha mmea wa Impatiens balsamina, ambao nao hutengeneza losoni, asidi ya shikimi yenye alama. Hesabu yake inavutia: asidi ya shikimi ina kaboni 7, zote zikaingia katika losoni, na 3 zilizosalia hutokana na asidi ya glutami.

Mbinu hii ina mtego ambao ningependa kila mwanafunzi aujue. Mmea unaweza kuipokea kemikali uliyoulisha na kuigeuza kwa njia isiyo yake ya kila siku, kwa kuwa tu umeizidisha. Alama kufika mwisho wa safari huonyesha kwamba njia hiyo inapitika, si kwamba ndiyo mmea unayoipita kila siku. Ndiyo sababu watafiti wa leo huunganisha ushahidi wa alama na ushahidi wa jeni: hutafuta jeni zinazowaka, yaani zinazofanya kazi, katika sehemu zinazotengeneza kemikali husika, huzinyamazisha mojamoja waone kipi kinapungua na kipi kinarundikana, kisha huziingiza katika jani la Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, ili waone kama jani geni litaweza kutengeneza kitu kile kile. Kwa njia za aina hiyo, mwaka 2018 timu ya Sarah O'Connor huko Norwich, Uingereza, ilikamilisha vipande vilivyokuwa vikikosekana katika njia ya vinblastini, dawa ya saratani inayotoka katika vinka, ua lile lile tunalolipanda vibarazani. Mwaka 2023 watafiti wengine walipata njia ya azadironi, kemikali ya mimea, kutoka kwa mmelia, jamaa wa karibu wa mwarobaini.

Hatua hiyo ya jeni ndiyo niliyo nayo sasa. Jeni inayofanya kazi huacha nakala zake katika seli, ziitwazo RNA; RNA huharibika upesi kuliko losoni, na safari ya kutoka Lamu ni ya boti hadi Mokowe kisha basi la saa nyingi katika joto, kwa hiyo majani niliyakata vipande vidogo na kuyazamisha katika maji yaliyoshiba chumvi ya amonia salfeti, ambayo huvizuia vimeng'enya vinavyokata RNA. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, nilikuwa nacho kabla ya kuchuma, na yeyote anayekusudia kupeleka sampuli nje ya nchi aulize mapema NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kuhusu kibali cha rasilimali za kijenetiki. Sampuli zimo katika friza ya chuo, machanga upande mmoja na makuukuu upande wa pili, na jeni ninayoitafuta kwanza ni ya kimeng'enya kinachobandika sukari kwenye kitangulizi, kwa kuwa sukari hiyo ndiyo inayoliacha jani la mhina likiwa kijani mpaka litakapopondwa.