Kishimo cha mafuta matupu

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu kaleta kwenye grupu la ukoo picha ya Katalin Karikó, yule mama wa Hungaria aliyepata Nobel ya tiba mwaka 2023 kwa kazi iliyozaa chanjo za UVIKO-19. Chini yake maandishi makubwa: USIKATE TAMAA. Akanichokoza hapo hapo: "Shangazi, unamwona mwenzio?" Nikacheka, nikarudisha simu mfukoni. Jioni naosha vyombo nikajikuta bado nabishana naye kichwani.

Hadithi yenyewe naijua. Binti wa muuza nyama, kakulia Kisújszállás kwenye nyumba isiyo na maji ya bomba. Mwaka 1985 fedha za utafiti wake kule Szeged zilipokatwa, akaenda Philadelphia, Marekani, na mumewe na binti yao mdogo. Gari wameuza, pauni 900 wamezishonea ndani ya dubu wa kuchezea wa mtoto. Mwaka 1995 akashushwa cheo chuoni kwa kuwa kila ombi la fedha za mRNA, ile RNA inayoipa seli maelekezo ya kutengeneza protini, lilikuwa linarudi mikono mitupu. Yote kweli, na huyo dubu hunitoa machozi kila nikimkumbuka. Lakini kung'ang'ania peke yake hakutengenezi chanjo. Wapo waliokomaa miaka thelathini na jambo ambalo halikuwa.

Mimi kazi yangu ni kuingiza RNA kwenye seli. RNA ina chaji hasi, na utando wa seli kwa nje nao ni hivyo hivyo, kwa hiyo haipiti hivi hivi. Tunaifunga kwenye mafuta yenye chaji chanya, vinatokea vitone vidogo mno, seli inavimeza. Ikishaingia, mRNA ni kama kikaratasi cha vipimo mezani kwa fundi cherehani: seli inakisoma, inashona protini, kisha karatasi inachakaa. Inachakaa haraka kweli. Kwenye ngozi ya mkono wako sasa hivi kuna vimeng'enya vya kuikatakata RNA ya wiki nzima. Nimewahi kufuta meza kwa dawa, nikavaa glavu mpya, halafu nikapokea simu na glavu zile zile. Kwaheri RNA.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mRNA ya lusiferesi, protini inayomfanya kimulimuli awake. Ukiifikisha salama, seli zinatoa mwanga na mashine inausoma. Zangu hazikuwaka. Asubuhi nikitazama kwenye darubini nakuta zimebanduka kwenye vishimo vya sahani ya maabara, zinaelea kama machicha ya nazi. Nikasema RNA mbovu. Nikaitengeneza upya mara nne, karibu miezi mitatu imekwisha, na usingizi sina.

Kulikuwa na fundi sanifu wetu, mama mtu mzima, mwenye maneno machache. Akachungulia, akauliza: "Mafuta matupu umeweka kishimo gani?"

"Sijaweka, mama. Mafuta ni ghali, nabana matumizi."

Hakunijibu. Kesho yake nikaweka vishimo viwili vya mafuta bila RNA. Asubuhi: machicha. Hesabu ya kuchanganya nilikuwa nimeikosea tangu siku ya kwanza, mafuta yamezidi, ndiyo yanayoua. RNA ya watu haikuwa na kosa lolote.

Kilichoniokoa si kung'ang'ania, ni kishimo cha kulinganishia. Ndiyo maana picha ile ikaniudhi. Karikó alikutana na Drew Weissman, mtafiti wa kinga ya mwili, mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye mashine ya kutoa fotokopi. Yeye Weissman alikuwa anatafuta chanjo ya VVU. Wakaweka mRNA ya maabara kwenye seli za kinga, seli zikapiga king'ora kana kwamba kimeingia kirusi. Dawa gani utatengeneza na kitu kinachowasha mwili moto? Wakajaribu RNA za aina nyingi, na ndani yake kulikuwa na tRNA, ile inayobeba malighafi ya kujengea protini, ya kulinganishia tu. Ile ikakaa kimya. Mtu mwingine angeandika "hakuna kitu" akageuza ukurasa. Wao wakauliza kwa nini imenyamaza.

tRNA imejaa herufi, yaani vipande vya kemikali vinavyoijenga RNA, zilizorekebishwa na mwili, mojawapo ikiitwa sudouridini. Wakatengeneza mRNA yenye herufi za namna hiyo mahali pa uridini ya kawaida, king'ora kikazimika. Makala ikatoka mwaka 2005 kwenye jarida la Immunity, na wengi hawakuishughulikia. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba mRNA yenye sudouridini inatoa hata protini nyingi zaidi. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zimebeba binamu wa herufi hiyo hiyo.

Basi nikamjibu mpwa wangu: "Mwambie aliyetengeneza picha aongeze na tRNA." Kaniletea alama tatu za kuuliza. Sikuendelea, nilikuwa na sahani ya kupanga. Mstari wa kwanza wote, vishimo kumi na viwili, mafuta matupu.