Goti lilikuwa zima, tatizo lilikuwa nyongani

Niliteleza kwenye sakafu yenye maji, nikaangukia tako la kulia. Maumivu yalikuja kinenani, na kwa kuwa ngozi haikuwa na alama wala uvimbe, niliambiwa msuli umevutika, nikapewa vidonge. Siku chache baadaye goti likaanza kuniangusha. Kushuka ngazi ndiko kulikonitisha hasa: nikikanyaga kwa mguu wa kulia, goti linajikunja lenyewe.

Daktari wa pili hakuanza na goti. Aliuliza kwa nini nalala nimekunja nyonga. Kweli, kuinyoosha tu kulinitoa jasho. Akaniambia ninyooshe goti na kuinua kisigino kutoka kitandani, hakikubanduka. Akagonga chini ya kilegesambwa kwa kinyundo cha mpira. Mguu wa kushoto uliruka, wa kulia ukatulia tuli. Akapitisha pamba mbele ya paja, kisha upande wa ndani wa muundi, nami sikuhisi kitu.

Kipimo cha MRI kikaonyesha donge la damu ndani ya msuli uitwao iliakasi, uliolala upande wa ndani wa mfupa wa nyonga. Msuli huo umefunikwa na utando mgumu usiotanuka, na mshipa wa fahamu wa paja, unaoongoza misuli ya kunyoosha goti, unapita papo hapo, kati ya iliakasi na msuli jirani, soasi. Nyuzi za msuli zilichanika nilipoanguka, damu ikavilia taratibu chini ya utando, na ilipokosa pa kwenda ikaubana mshipa. Ndiyo maana udhaifu ulichelewa, na ndiyo maana nje hapakuonekana kitu.

Donge dogo mara nyingi huachwa, mwili ukalinyonya wenyewe. Langu lilikuwa kubwa na nguvu zilizidi kupungua, kwa hiyo walilitoa kwa upasuaji. Nyuzi za fahamu zikiharibika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, basi hesabu urefu kutoka kinenani hadi pajani uone mazoezi yanavyodai subira. Sasa natembea bila fimbo, ingawa paja la kulia bado ni jembamba.

Nawasihi hasa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wenye hemofilia, yaani ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri: kwenu hata kujigonga kidogo kunaweza kuvujisha damu hivi. Kinena kikiuma na goti likalegea, nendeni siku hiyohiyo, na mwombe magoti yote mawili yagongwe.