Bima ya safari: nilichojifunza baada ya mama kulazwa Hamburg

Mdogo wangu anaishi Hamburg, na alivyokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza mama akasema lazima aende, maana mzazi wa kwanza anakandwa na mama yake, hata kama ni Ulaya na hata kama hospitali zao zina kila kitu. Mama alikuwa na miaka 67 kipindi hicho, ana presha ya muda mrefu na sukari iliyokuja baadae, dawa anakunywa asubuhi na usiku hakosi. Mimi ndo nilikuwa nafuatilia makaratasi ya viza huku Dar, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, buking ya ndege, na kwenye orodha ya ubalozi kuna sehemu imeandikwa bima ya safari, basi nikaenda kwa wakala mmoja mjini nikamwambia nataka bima ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) siku 60, akaomba pasipoti, tarehe na hela, dakika 15 nimetoka na karatasi yangu mkononi. Hakuniuliza mama anaumwa nini na mi sikusema, sio kwamba nilificha, haikunijia kabisa kwamba hilo ni jambo la kusema.

Viza ikatoka, mama akaenda, mtoto akazaliwa salama. Wiki ya tatu, saa saba usiku, mdogo wangu ananipigia analia, mama kichwa kinamgonga na jicho la kushoto anaona ukungu, wamempima na kile kimashine cha nyumbani kinasoma 210 kwa 120. Wakapiga 112, gari la wagonjwa likaja, akalazwa siku mbili wakamshusha presha taratibu, wakampima moyo na figo, wakamruhusu. Kwa kweli walimhudumia vizuri sana na hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Baada ya kama wiki mbili bili zikaja kwa posta, ya hospitali na ya gari la wagonjwa kila moja na bahasha yake, ukijumlisha ni euro 2,900 na kitu, yaani zaidi ya milioni 8 za kwetu.

Tukasema haina shida, si ana bima. Tukatuma kila kitu. Baada ya wiki tano jibu likaja kwa imeli, madai yamekataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima kuanza. Ya pili, hatukupiga ile namba ya dharura ya kampuni ndani ya saa 24 tangu alazwe.

Kuhusu ile sababu ya kwanza, nataka uone jinsi ilivyokuwa. Ukiruhusiwa hospitali Ujerumani unapewa barua ya daktari, wenyewe wanaita Arztbrief, inaeleza umekuja na nini na umefanyiwa nini. Kwenye barua ya mama, mstari wa kwanza wa magonjwa uliandikwa bekannte arterielle Hypertonie, na hilo neno la mwanzo, bekannte, maana yake inayojulikana, presha inayojulikana. Daktari kaandika ukweli mtupu, mama mwenyewe ndo aliyemwambia kwamba ana presha miaka mingi, na ni kitu kizuri alisema maana bila hivyo wangemtibu vipi? Lakini kampuni ikashika hilo hilo neno moja. Nilikasirika siku nzima, jioni nikakaa nikausoma mkataba wote, kurasa 18 za maandishi madogo ambazo zilikuwa kwenye imeli yangu tangu siku ya kwanza sijawahi kuzifungua, na ukurasa wa 11 kipengele kipo, kimeandikwa wazi kabisa kwamba hawalipi chochote kinachotokana na ugonjwa ambao mteja alikuwa nao kabla. Kwa hiyo ile bima ingemlipia mama akivunjika mguu, akigongwa na baiskeli, akipata kidole tumbo ghafla. Presha na sukari, vitu viwili pekee ambavyo sisi tulikuwa tunaviogopa, haikuvigusa. Hela tulichanga mimi, mdogo wangu na shemeji, tukalipa kwa awamu.

Tangu hapo kila mtu akiniambia anasafiri nje namuuliza swali moja, hiyo bima umekata kwa ajili ya viza au kwa ajili ya safari? Maana hivyo ni vitu viwili na watu wengi (mimi nikiwemo kipindi kile) tunadhani ni kimoja. Sheria ya viza za Schengen, ile ya mwaka 2009, inataka bima iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, iwe inafanya kazi nchi zote za Schengen na siku zote utakazokaa, na ikulipie matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Afisa wa viza anaangalia hayo. Haangalii kama presha ya mama yako imo au haimo, hiyo sio kazi yake, na ndo maana unaweza kupewa viza safi kabisa na bima ambayo wewe binafsi haikusaidii.

Safari ya pili ya mama ilikuwa mwaka jana, na safari hii nilianza mwezi mmoja na nusu kabla. Nilichofanya, kabla ya kuuliza bei popote nilikuwa naomba kwanza mkataba mzima, sio kile kipeperushi chenye picha ya familia inacheka, mkataba wenyewe, na nikiupata naenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vitu ambavyo hawalipi. Hiyo ndo sehemu ya kusoma kama huna muda wa kusoma kingine. Kampuni moja ilikataa kunitumia mpaka nilipie kwanza, nikaachana nayo. Nyingine wakanijibu vizuri kwenye simu, dada usijali mama anakavika kila kitu, nikamwambia yule kaka naomba hayo maneno uniandikie kwenye imeli, presha na sukari, ukitaja na kipengele. Hakuandika. Niliyemchukua ni wa tatu, aliniandikia imeli ya mistari kama minne hivi, kwamba dharura ya ghafla inayotokana na ugonjwa wa zamani wanalipa mpaka kiwango fulani, kidogo kuliko kile kiwango kikubwa cha bima nzima, kwa sharti kwamba ugonjwa umetajwa kwenye fomu na umetulia miezi sita bila kulazwa na bila kubadilishiwa dawa.

Hapo kwenye kubadilishiwa dawa naomba usipite haraka kama una mzazi anayetumia dawa. Wiki tatu kabla ya safari mama alienda kliniki Tanga na daktari akamwongezea dozi ya dawa moja ya presha, kitu cha kawaida tu, mama hata hakutaka kuniambia maana aliona ni jambo dogo. Nilivyojua nikawaandikia kampuni siku hiyo hiyo. Wakaniomba barua ya daktari, wakaongeza ada kidogo, wakanipa karatasi mpya. Ningenyamaza, na mama akapata shida kule, wangeomba rekodi za kliniki, wangeiona ile dozi, na tungerudi palepale kwenye ukurasa wa 11. Najua kuna watu wanashauri usiseme ugonjwa ili bima iwe rahisi, mimi hilo silikubali hata kidogo, unalipa hela ndogo halafu unabaki huna bima.

Kitu kingine nilikiangalia ni ile hela unayoanza kulipa wewe mwenyewe kabla wao hawajaanza. Kuna bima bei yake nzuri kumbe kila tukio euro 100 au 150 za mwanzo ni zako, kwa hiyo ukienda kwa daktari kwa mafua makali au jino utalipa yote mwenyewe. Kwa kijana mwenye afya anayeenda wiki moja sioni shida kuchukua hiyo. Kwa mama nilichukua ambayo haina makato hayo, nikaongeza hela.

Halafu ile namba ya dharura. Safari ya kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ipo. Ukilazwa, au ndugu yako akilazwa, mkishapiga 112 na mgonjwa yuko mikononi mwa madaktari, mtu mmoja apige hiyo namba usiku huohuo, aeleze jina, namba ya bima, hospitali gani. Wao wanafungua faili, na kama imekaa vizuri wanatuma barua ya dhamana kwa hospitali, wanamalizana wenyewe, nyie hamtoi hela mfukoni. Msipopiga mnalipa kwanza halafu mnaanza kudai, na kudai ukiwa huku nyumbani ni safari nyingine. Na kama sio jambo la kukimbiza na gari la wagonjwa, ni homa ya usiku au tumbo, Ujerumani kuna 116117, namba ya madaktari wa zamu kliniki zikiwa zimefungwa, bili yake haiwezi kufika ile ya kulazwa.

Kuna jambo watu hatupendi kulisema ila nalisema. Kifo. Kila Mswahili aliyeko nje ameshaongezwa kwenye grupu la WhatsApp la kuchangia mwili wa mwenzetu urudi nyumbani, unaona majina yanashuka, huyu euro 50, yule 20, na maiti iko mochwari wiki ya pili na kila siku inaongeza gharama. Jeneza la kusafirishia, vibali, ndege, yote hayo ni maelfu ya euro. Kusafirisha mwili kupo kwenye bima nyingi za safari lakini kiwango kinatofautiana sana, kingine ni kidogo mno, na kama familia yenu mnazika kulekule mtu alikofia, uliza kama wanalipia na mazishi ya kule. Nilipomuuliza yule wa tatu hilo swali kwa ajili ya mama yangu mzazi sauti ilinikauka, lakini niliuliza, na kiwango nimekiona kwa macho yangu kwenye karatasi.

Kama unaenda kwingine mambo yanabadilika. Uingereza haimo kwenye Schengen, wala Ireland, kwa hiyo karatasi yako ya Schengen ukivuka kwenda London kumsalimia shangazi haikufuati, labda kama umekata ya dunia nzima. Na usidanganywe kwamba Uingereza matibabu bure, mgeni wa matembezi akilazwa anatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS (huduma ya afya ya serikali yao), kinachobaki bure ni kama huduma ya pale mapokezi ya dharura kabla hujalazwa, na deni la kuanzia pauni 500 usipolipa linaweza kukuharibia viza ijayo. Marekani viza ya matembezi haikulazimishi bima kabisa, na ndiko bili zake zinatisha kuliko kote, ile euro 30,000 ya Schengen kule inaisha kabla hujatoka kitandani, mi nisingempeleka mzazi bila angalau dola 100,000.

Na wale wa India. Hili limemkuta binamu yangu, alimpeleka baba yake kwenye upasuaji wa moyo akakata bima ya safari akiamini itachangia. Bima ya safari hailipi matibabu uliyoyapanga kabla ya kuondoka, hata shilingi, ile ni ya jambo la ghafla. Kama unaenda kutibiwa hiyo hela itafute kwingine.

Mizigo na ndege kuchelewa mimi sikuvipa uzito mkubwa, begi likipotea ni nguo. Ila toa taarifa palepale uwanjani kabla hujatoka, upewe karatasi yenye namba, maana bila hiyo karatasi hata bima yenyewe haitakusikiliza, na begi lililoharibika malalamiko ya maandishi kwa shirika la ndege yawe ndani ya siku 7.

Tarehe nazo. Nilimkatia mama mpaka siku tano baada ya tarehe ya kurudi, ziada yake ilikuwa hela ndogo sana. Na mjukuu alivyomshika bibi yake siku ya kuondoka nilijua nimefanya la maana, maana ndege yenyewe iliahirishwa siku mbili, akabaki Hamburg akiwa bado ana bima.

Kabla hajaondoka Dar niliandika ile namba ya dharura kwa kalamu nene kwenye kikaratasi, pamoja na namba ya bima, majina ya dawa zake na dozi mpya, nikakipitisha kwenye leminesheni stesheneri pale chini ya nyumba, kimoja kwenye pochi yake, kimoja nyuma ya pasipoti, na picha nikamtumia mdogo wangu na shemeji. Mama aliniuliza mbona unanifanya kama naenda vitani. Safari nzima hakuumwa hata kichwa.

Sasa mdogo wangu ana mimba ya pili, mwezi wa sita Inshallah. Mama anafikisha 70 mwezi wa tatu, na ukivuka 70 ada inapanda, kampuni nyingine hazichukui kabisa au zinapunguza viwango, kwa hiyo nimeshaanza kuomba mikataba. Jana umeingia wa kwanza, kurasa 22, nipo ukurasa wa 9.