Siku moja maishani mwangu: meza ya bakteria

Saa 1:30 asubuhi niko kazini. Koti, glavu, nasoma joto la inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, naandika daftarini. Watu wakisikia nafanya kazi maabara hufikiria mkojo na malaria. Mimi niko meza ya bakteria, na wiki hii nina usaha wa meno.

Saa 3 nafungua chombo kisichopitisha hewa. Harufu inanipiga usoni. Juzi daktari wa meno alifungua jino bovu, akachomeka vijiti vya karatasi vyembamba kama sindano hadi kwenye mzizi vifyonze majimaji. Bakteria wengi wa humo hewa huwaua, ndiyo maana nawafungia. Sahani ya pili ya kuoteshea, iliyokaa hewani, imeota bakteria waitwao Enterococcus faecalis, vidoa vidogo vyeupe. Jana niliwawekea kikaratasi chenye ampisilini, dawa ndugu ya amoksilini. Leo napima kwa rula duara lisiloota kitu: milimita 22. Dawa inawamaliza.

Saa 5 mwenye jino yuko dirishani, shavu limevimba hadi jicho limekuwa dogo.

"Shikamoo dokta. Niandikie dawa ya nguvu, niwahi kijiweni."

"Marahaba. Umeshatumia zipi?"

Amoksilini mara tatu, na metronidazo juu yake, zote za duka la dawa. Maumivu yakipoa, anaacha. Jana alitakiwa kurudi kwa daktari, hakwenda. Nikamwambia dawa inawaua bakteria wake, majibu nampelekea daktari wake. Akapandisha sauti, foleni nzima ikageuka:

"Kama dawa inawaua, mbona sijapona?"

Nikavua glavu, nikanawa, nikatoka nje.

"Mdogo wangu, dawa ya kumeza inasafiri na damu. Ndani ya jino lako mishipa imekufa, damu haifiki. Kwenye sahani nimewawekea dawa palepale walipo. Kwako inaishia nje ya mzizi, uvimbe unapungua, wao wamebaki ndani. Halafu huyu niliyemwotesha, metronidazo haimwezi. Huo mzizi usafishwe hadi mwisho, uoshwe kwa dawa ya klorini, au jino ling'olewe."

"Nasikia uking'oa la juu unapofuka."

"Nani kakwambia?"

"Mama mdogo."

Tulibishana hapo hadi miguu ikaniuma, na kazi zangu zinanisubiri. Sikumwacha. Uvimbe kama ule ukishuka shingoni unaziba pumzi, na unaua.

Mchana sikuuona. Sahani, slaidi, sahani. Umeme ulikatika, jenereta likachelewa, nikasimama kulinda mlango wa inkubeta usifunguliwe.

Jioni, mgongo umekufa ganzi, simu ya ndani ikalia. Daktari wa meno.

"Yule kijana wako yuko kitini. Kasema tuusafishe."