Hongera ya Miaka Minane

Leo Alhamisi. Sentensi yenyewe niliisikia Jumamosi jioni na mpaka sasa haijatoka kichwani. Wiki hii mama ametolewa plasta, mkataba wangu umesainiwa baada ya miezi yote ile niliyowalilia hapa, na mtoto wa kati amemaliza mitihani. Hayo ndiyo ya kuandika, najua. Lakini nikikaa kuandika inakuja sauti ya kaka.

Daftari la ubashiri mnalijua. Kila Mei, kabla Giro, mbio za baiskeli za wiki tatu za Italia, haijaanza, kila mtu katika familia anaandika jina moja la atakayeshinda na kutia sahihi, na hakuna kufuta. Mwaka huu, 2025, karibu wote waliandika Roglič au Ayuso. Baba watoto aliandika Ayuso, akapigia mstari mara mbili. Mimi niliandika Simon Yates. Mbele ya jina nikaongeza neno moja: Finestre.

Sikubahatisha. Nilichukua ramani ya njia nikaipitia siku kwa siku, na katika hatua ya 20, yaani mbio za siku ya 20, siku moja kabla ya kumalizia Roma, nikaukuta mlima ule. Colle delle Finestre ni zaidi ya kilomita 18 za kupanda, na sehemu ya juu ni changarawe tupu. Mwaka 2018 Yates aliufikia akiwa amevaa jezi ya pinki, ya anayeongoza, siku 13 na kushinda hatua tatu. Siku hiyo miguu ikamgomea. Chris Froome, mpinzani wake, akachomoka hapo hapo, zikiwa zimebaki kilomita 80, akaichukua Giro, na Yates akafika zaidi ya dakika 38 nyuma. Nilimwangalia akipanda huku jezi ya pinki ikiwa mgongoni bado, na sijawahi kumsahau. Miezi michache baadaye alishinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, watu wakasahau hilo pia. Mwezi wa tano mwaka huu nilijiuliza: mtu huyu akirudishwa penye kidonda chake, akiwa wa tatu au wa nne na hakuna anayemchunga, atafanya nini?

Mmeshajua alichofanya. Roglič alikuwa ameshajitoa, Ayuso pia. Asubuhi ya Jumamosi Yates alikuwa wa tatu, dakika 1 na sekunde 21 nyuma ya Del Toro, kijana wa Meksiko mwenye miaka 21, na Carapaz katikati yao. Mlimani Carapaz akashambulia, Del Toro akamfuata, Yates akawapata na kuwapita, nao wakabaki wanatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake afanye kazi ya kumfukuza. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Alipovuka kilele akamkuta Van Aert, mwenzake wa timu aliyekuwa ametangulia na kundi la mbele, akamsubiri na kumvuta bondeni kuelekea Sestriere. Jioni Yates alikuwa anaongoza kwa karibu dakika nne.

Nililia. Watoto wakaja kuniangalia. Halafu nikampigia kaka, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kuangalia baiskeli, na furaha ya baiskeli sijui kuipeleka kwa mtu mwingine.

"Shikamoo kaka. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona."

"Yates, kaka! Niliandika Yates! Na Finestre niliandika!"

Akanyamaza. Nyuma yake hakukuwa na sauti ya televisheni wala ya mtangazaji.

"Basi hongera yako utaipata baada ya miaka minane, mdogo wangu."

"Miaka minane ya nini?"

"Ya Cobo."

Kisha akauliza plasta ya mama inatolewa lini, nikamwambia Jumanne, tukaagana.

Kwa wasiomkumbuka: Juan José Cobo alishinda Vuelta ya 2011 akimzidi Froome kwa sekunde 13. Hakuna aliyemtabiri. Froome mwenyewe alikuwa msaidizi wa Wiggins, na hakuna aliyemtabiri yeye pia. Mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba paspoti ya kibaiolojia ya Cobo, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu yake vya muda mrefu, ilionyesha alitumia dawa, akanyang'anywa ushindi. Froome akawa mshindi wa mbio alizozimaliza karibu miaka minane nyuma. Hiyo ndiyo miaka minane ya kaka.

Tangu Jumamosi nimemjibu mara nyingi mno. Nikiosha vyombo namjibu. Jumatatu, kwenye kikao cha kazini, niliandika pembeni ya karatasi: "Sasa kwa nini Roglič hakuniambia hivyo?" Nilikuwa na maana kwamba 2023 Roglič aliposhinda Giro hakuna aliyenipa miaka minane, ila nilivyoandika haisomeki. Jumanne, nikimsubiri mama kwenye benchi, nilipata jibu refu na zuri kuliko yote, nikalisema kimya kimya mpaka mwisho. Na sehemu inayoniuma si "miaka minane". Ni "basi". Basi hongera yako. Kama vile tulikuwa tumeshabishana, nikashindwa, na yeye ananigawia kilichobaki.

Jibu la kwenye benchi lilikuwa hili. Katika mchezo huu, kadiri ushindi unavyotushangaza ndivyo unavyoshukiwa, na tumefanya mshangao wenyewe kuwa ushahidi. Horner alipochukua Vuelta ya 2013 akiwa na miaka 41, akimshinda Nibali kwa sekunde 37, maswali yalianza kabla hajavua kofia, na umri wake ndio uliokuwa shtaka. Lakini Armstrong hakumshangaza mtu yeyote kuanzia ushindi wake wa pili. Mataji saba ya Tour, mbio za Ufaransa, 1999 hadi 2005, kila Julai tukijua mwisho wake, na yote saba yakafutwa 2012. Hayakupewa mtu mwingine, nafasi ikaachwa wazi. Udanganyifu mkubwa kuliko wote tuliouona ulikuwa wa mtu aliyetabirika kuliko wote. Sasa kwa nini asiyetarajiwa ndiye alipe?

Na wasiotarajiwa wana njia zao, zinaonekana ukitaka kuziona. Mwaka 1956 Roger Walkowiak aliingia kwenye kundi kubwa lililotoroka, wakubwa wakaliacha liende kwa zaidi ya dakika 18, na akashinda Tour bila kushinda hatua hata moja. Ufaransa ilimdharau kwa hilo. Yates naye hakushinda hatua hata moja kwenye Giro hii. Sepp Kuss, Vuelta ya 2023: msaidizi mlimani aliyekwenda na waliotoroka siku ya sita mpaka juu ya mlima Javalambre, akapata muda, akaulinda. Kwenye mlima Angliru wenzake wawili wa timu, Roglič na Vingegaard, walimwacha nyuma na jezi ya anayeongoza ikabaki kwake kwa sekunde 8 tu. Nilikasirika siku nzima kwa niaba yake. Mwishoni alimshinda Vingegaard kwa sekunde 17. Mara nyingi ni hivyo: wenye nguvu wanachungana, na mmoja anaachiwa mlango wazi kwa sababu hakuna anayemwogopa. Kubashiri ni kuutafuta mlango huo kabla haujafunguliwa.

Kwenye benchi nilikuwa mkweli pia. Najua kaka angesema Yates ana doa. Mwaka 2016 alifungiwa miezi minne kwa terbutalini, dawa ya pumu, kwa sababu daktari wa timu hakuomba kibali chake, na uamuzi wenyewe ulikubali kwamba hakukusudia. Ninyi mnajua nyumba yetu. Pampu ya pumu iko kwenye mkoba wangu, iko shuleni, iko chini ya mto wa mtoto wa mwisho. Nikisoma "dawa ya pumu" namwona mwanangu saa nane za usiku, amekaa kitandani, mabega yanapanda. Kaka akisoma maneno yale yale anamwona mwongo. Na Froome, siku ile ya 2018 alipomwacha Yates Finestre, alikuwa mwenyewe anaendesha na kesi ya salbutamoli juu yake, kutoka Vuelta ya 2017. Ikafutwa Julai. Siku hiyo nilishuku, nakiri. Nilishuku kwa sababu nilimtaka Yates. Kwa hiyo ninapomwambia kaka kwamba anashuku bila haki, nami nimeshashuku kwa mapenzi tu.

Nilikuwa nimepanga kumwandikia yote haya jana usiku. Nikafungua kabati kutafuta cheti cha mama cha hospitali, na nyuma ya albamu nikakuta kanda ya video yenye mwandiko wa kaka: "Morzine. USIFUTE."

Julai 20, 2006, siku ambayo hatua ya Tour iliishia Morzine. Sijaandika kuhusu siku hiyo hapa, nadhani sijawahi. Siku moja kabla, Floyd Landis alikuwa amepoteza kama dakika kumi kwenye mlima wa La Toussuire, na magazeti yote yalikuwa yameshamzika. Kaka alisema, "Kesho atarudi." Alisema hivyo mezani, baba akamcheka. Kesho yake Landis akachomoka mapema, akavuka milima peke yake huku akijimwagia maji, akafika Morzine dakika karibu sita mbele ya wa pili. Kaka alikuwa amesimama muda wote. Aliponiinua juu nilikuwa tayari mzito mno wa kuinuliwa. Huo ulikuwa ubashiri mkubwa kuliko wowote uliowahi kutolewa nyumbani kwetu, ule wangu wa Yates haufiki hata nusu. Alikuwa ameirekodi yote.

Mbio zikaisha Paris Jumapili. Alhamisi ikatangazwa kwamba kipimo cha siku ile ile, cha Morzine, kilikuwa na tatizo la testosteroni. Landis akakana kwa miaka, mpaka 2010 alipokiri kwamba alitumia dawa katika maisha yake ya mbio. Ushindi ulikwenda kwa Óscar Pereiro, ambaye alikuwa nyuma kwa karibu dakika 29 kabla hajaruhusiwa kutoroka kuelekea Montélimar, na jezi yake ya manjano, ya mshindi wa Tour, alipewa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Hata yeye hakuna aliyemtabiri.

Sikumbuki kaka alisema nini Alhamisi hiyo. Hilo ndilo lililonikalisha chini mbele ya kabati. Nakumbuka nilichosema mimi, nakumbuka nilimwuliza kama sasa ni Pereiro, na kama ubashiri wake bado unahesabiwa. Niliuliza kitoto, lakini sikuwa mtoto. Alichojibu kimefutika kabisa. Tangu mwaka huo hajaandika jina kwenye daftari. Sote tulichukulia kwamba aliacha kuangalia.

Leo asubuhi wifi amepiga simu kuhusu mama. Katikati nikamwuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, Jumamosi kaka alikuwa anafanya nini.

"Si baiskeli, wifi yangu? Wiki tatu hizi mimi televisheni siijui. Jumamosi ndiyo kabisa, amesimama pale tangu mchana, chakula kimepoa."

"Mpaka mwisho?"

"Mwisho huwa haangalii. Akiona mtu anakaribia kushinda anazima. Wakipanda jukwaani yeye yuko nje."

Nikarudi tena kwenye simu ya Jumamosi, lakini safari hii neno lililobaki halikuwa "basi". Lilikuwa "Nimeona." Alijibu haraka, hata sikuwa nimemaliza kuuliza. Aliona mlima wote ukipandwa. Aliona Carapaz na Del Toro wakitazamana, aliona Van Aert akigeuza kichwa. Huenda hata aliujua mlima kabla yangu, Mei yote, na hakuwa na pa kuuandika. Na nilipompigia kulikuwa kimya kwa sababu alikuwa ameshazima, akiwa amesimama sebuleni kwake, na mimi nikampigia kelele sikioni kwamba niliandika, niliandika.

Kwa hiyo sijamtumia jibu la kwenye benchi. Nimelifuta. Sijui nitume nini badala yake. Kanda nimeiweka juu ya meza, mashine ya kuichezea hatuna tena, na sijui hata kama anakumbuka iko kwangu. Tour inaanza Julai 5. Nafikiria kuacha mstari mmoja mtupu kwenye daftari, chini ya jina langu, nisimwambie mtu.

Nilikuwa nimefika hapa nikasikia kishindo ngazini, nikatoka mbio. Ni mama. Ameshuka peke yake na mguu ule uliotoka kwenye plasta juzi, anasema alitaka tu kuona kama taa ya nje imezimwa. Daktari alisema wiki mbili bila ngazi. Nimemkalisha, mguu hauonekani kuvimba, lakini anaushika chini ya goti kila akidhani siangalii, na mkongojo ameuacha juu.