Nusu robo ya sukari

Newala, Jumatano usiku.

Jana nilifundisha kulinganisha sehemu, darasa la nne, na tangu nimalize kusahihisha madaftari sijatulia.

Andalio la somo lilikuwa limekamilika. Umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za wanafunzi, zana, dakika 40 zimegawanywa hatua kwa hatua. Hata miduara nilichora kwenye manila, mmoja vipande vinne, mwingine vinane. Nikauliza: 1/4 na 1/8, ipi kubwa? Mikono ikajaa. 1/8! Kijana wa dawati la mbele akanieleza kwa upole kabisa, "Nane si kubwa kuliko nne, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Lile jibu lilikuwa na fikra ndani yake, nami sikukaa nalo. Nikatazama saa, nikawapa kanuni: asili, yaani namba ya chini, ikiwa kubwa, sehemu inakuwa ndogo. Wakaitikia kwa pamoja mara tatu. Zoezi maswali matano, kengele ikalia. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu nikaandika ninayoandika karibu kila siku: wanafunzi wengi wameelewa somo.

Jioni nikafungua madaftari. Maswali manne ya kwanza, vema karibu kwa kila mtoto. La tano lilikuwa 1/4 na 7/8, nililiongeza tu ili yatimie matano. Wengi wamejibu kuwa 1/4 ndiyo kubwa. Na hawakubahatisha. Wamenifuata mimi: asili ni nane, nane ni kubwa kuliko nne, basi sehemu ni ndogo. Kanuni ile husimama pale tu kiasi, namba ya juu, kinapolingana, na hilo sikulitamka kwa sababu wakati naandaa halikunijia kichwani. Zile vema nne zilitoka kwenye kuitikia.

Nimeliangalia lile andalio tena na tena. Kila kisanduku kimejazwa, lakini hakuna mahali nilipojiuliza mtoto atakosea wapi, na kwa nini. Niliandika nitakachosema mimi. Swali la tano ndilo lilikuwa somo lenyewe, nami nikaliweka mwisho kabisa, dakika mbili kabla ya kengele.

Leo baada ya vipindi nikapita dukani. Akaja binti wa darasa langu, mmoja wa wale walioandika 1/4.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umetumwa nini?"

"Sukari nusu robo."

Nikamuuliza, robo na nusu robo, ipi nyingi? Akanishangaa. "Robo, mwalimu." Na nikikupa nusu robo saba? Akatulia, akahesabu kwa vidole. "Saba... hizo karibu kilo."

Nilitamani kumkumbatia. Nusu robo ni 1/8 ya kilo, gramu 125, na mtoto huyu anaibeba mkononi kila siku. Hajui tu kwamba kitu anachotumwa dukani na alama niliyoichora ubaoni ni kimoja. Kuunganisha hivyo viwili ndiyo kazi yangu, na ningeifanya tangu jana kama ningeanza kuandaa somo kwa kufikiria anachokijua tayari. Lugha yetu yenyewe imeshamwandalia njia: nusu, robo, nusu robo. Wazee wana hata thumni, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni hiyohiyo, sehemu moja ya nane.

Basi usiku huu nimeandaa upya, safari hii nikianzia chini kwenda juu. Kwanza nimeandika swali ambalo kila mtoto lazima alijibu peke yake kabla ya kengele: 3/8 na 1/2, ipi kubwa, na umejuaje? Chini yake nimeandika majibu mabaya ninayoyatarajia, na nitakachofanya kwa kila moja. Ndipo nikaja kwenye hatua. Miduara nimeiacha. Nimechota kilo moja ya mchanga, nikaigawa kwenye mifuko minane ya kaki, na mwenye duka amekubali kuniazima mizani mpaka saa tatu. Jiwe la robo upande mmoja, mifuko saba upande wa pili, waone mkono wa mizani unakolala. Kanuni waitamke wao.

Lililonisumbua zaidi ni mwanzo. Korosho za kwanza zimeanza kudondoka, na watoto kadhaa wanapitia mikoroshoni kuokota kabla ya kuja shule. Hisabati ni kipindi cha kwanza. Nikiweka kiini cha somo kwenye dakika tano za mwanzo, haohao wanaokosa mengi watakikosa na hiki. Kwa hiyo dakika hizo ni za kurudishiwa madaftari na kulitazama swali la tano, kimya, kila mtu na jibu lake. Mizani itatoka baadaye, wote wakiwa ndani.

2/3 na 3/4 sijaigusa. Mchanga wa nusu robo haunisaidii hapo, na sitaki kuwarundikia. Iende wiki ijayo.

Yule kijana wa dawati la mbele nitamwita yeye kwanza ashike mizani. Nitamwomba arudie swali lake la jana mbele ya wenzake, kisha nimwachie mifuko.