Mjomba mkubwa hana kaburi

Mama akiulizwa kwao walizaliwa wangapi anasema sita, na mimi toka utoto nawajua watano. Wa sita ndo wa kwanza wao, mjomba mkubwa, nampa hicho cheo ingawa alipotea hata mwezi hajamaliza.

Bibi na babu walitoka Yemen 1949, na zile ndege zilizobeba Wayahudi karibu 49,000 kutoka Aden kwenda Israeli, wakawekwa kwenye kambi ya mahema Rosh HaAyin, baridi na matope, bibi ana mimba kubwa. Akajifungua salama, wa kiume, siku ya nane akatahiriwa na kupewa jina. Afu wauguzi wakasema hema halifai kwa kichanga, walale nyumba ya watoto, akina mama wawe wanaenda kunyonyesha na kurudi. Bibi akawa anaenda mchana na usiku, mpaka asubuhi moja anakuta kitanda kitupu, anaambiwa kazidiwa kapelekwa hospitali, kesho yake anaambiwa kafa na kashazikwa. Kazikwa wapi? Kimya. Cheti? Hamna. Bibi alikuwa na Kiarabu tu, babu ndo alijua Kiebrania cha kwenye vitabu vya sala, akaenda pale mara tatu, ya tatu wakamfukuza. Bibi alikuwa akisema kilichomtesa ni maziwa, yaliendelea kutoka siku kibao, yenyewe hayana habari.

Halafu kuna hili, kwa sheria zetu mtoto akifa hajatimiza siku 30 hakai mtu matanga ya siku saba. Yeye alikuwa na siku 24. Yani hata kama walisema kweli matanga hayapo, na kama walidanganya, utamliliaje mtu ambaye pengine yuko mahali anakula chakula chake cha mchana? Bibi aliwawashia marehemu wote mshumaa wa kila mwaka, yeye hakumwashia hata siku moja.

Mwaka ambao angefika umri wa jeshi ikaja barua, jina lake kabisa, aripoti. Familia nyingi zilizopotelewa na watoto kama sisi zilipata barua kama hizo. Wapo wanaosema ni makarani tu hawakufuta majina daftarini, na inawezekana kabisa, mi sibishi, ila nenda wewe ukamwambie bibi hivyo.

Tume zimeundwa tatu kuchunguza hao watoto waliopotea, ya mwisho ikamaliza 2001, ikasema wengi walikufa kwa maradhi, 56 haijulikani waliishia wapi, na wizi wa kupangwa haikuuona. Wa kwetu wamemwandika kwenye waliokufa. 2021 serikali ikasema inasikitika, samahani haikusema, ikatangaza fidia, shekeli 150,000 kwa waliokufa bila wazazi kupewa taarifa kwa wakati na 200,000 kwa wasiojulikana walipo. Sa hapo ndo nyumba ikawaka. Mjomba mdogo anataka tusaini fomu ya fidia, hela iweke jiwe lenye jina pembeni ya kaburi la bibi, tuwe na pa kwenda. Mama akamuuliza, na siku akija kugonga mlango tutampeleka akalione? Nikacheka, kuangalia hivi, yeye hacheki.

Walibishana mpaka muda wa kuomba ukapita. Ile fomu mama kaitia kwenye bahasha moja na barua ya jeshi.